Pete ya Bangwe na Mkate wa Ujiji

Mume wangu alinichumbia mara mbili. Mara ya kwanza yeye mwenyewe hakuwepo, na mara ya pili tulizungukwa na dagaa. Nikisimulia hivi watu hudhani natia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wote waliohusika bado wapo hapa mjini.

Nimelelewa Ujiji na shangazi yangu, dada wa baba. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo yote ninayoyajua kuhusu kuwa mtoto wa mtu nilijifunza kwake. Shangazi hakuolewa. Nilikua nikilichukulia jambo hilo kama mtu anavyochukulia rangi ya mlango wa kwao: ndivyo ulivyo, huulizi. Alichokuwa nacho shangazi ni mkate wa kumimina. Hakuna harusi ya maana iliyopita mtaani kwetu bila mkate wake. Mchele anauloweka mwenyewe, anausaga na tui la nazi zilizokuja kwa treni kutoka pwani, anatia hamira, sukari na iliki, anauacha uumuke, kisha anaumimina kwenye sufuria yenye mafuta yaliyopata moto. Makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Baada ya hapo haondoki. Ukimwita mkate ukiwa motoni haitiki, hata kama anayemwita ni shehe.

Nyumbani kwetu mkate huo una kazi yake. Ndoa ikishafungwa, bwana harusi huingizwa ndani, na shangazi wa bibi harusi ndiye anayekata kipande cha kwanza na kuwalisha wote wawili. Katika ukoo wetu wapo waliotokea pwani na wapo waliovuka ziwa kutoka Manyema, na kila upande una mambo yake, lakini hilo la mkate halibishaniwi na mtu.

Mimi nilishika njia nyingine. Nilijifunza keki, nikafungua duka dogo Gungu, nikanunua oveni, na niseme bila haya kwamba keki zangu ni nzuri. Hazibomoki, hazikauki, na aisingi yangu haiyeyuki hata jua la Kigoma likiamua kuonyesha uwezo wake. Shangazi alikuwa akija dukani anaangalia keki ya ngazi tatu, anatikisa kichwa na kusema, "Nzuri kwa macho." Basi. Nilijua ninachofanya.

Mume wangu nilimpata kwa sababu ya umeme. Ulikatika keki ya watu ikiwa nusu ndani ya oveni, jenereta yangu ikagoma, jirani akanipigia fundi wake. Akaja kijana mrefu mwenye mikono ya grisi, fundi wa injini za boti kule Kibirizi, akapiga magoti mbele ya ile jenereta kama anaisikiliza inalalamika. Ilipowaka hakuomba chochote ila maji ya kunawa. Keki ikaiva. Kesho yake akarudi kuuliza kama ilitoka vizuri, na kesho kutwa akarudi bila swali lolote. Alikuwa akiishi Rusimbi na mama yake, Mha wa upande wa Kasulu, mwanamke mpole ambaye Kiswahili chake kina Kiha ndani kama maziwa yalivyo ndani ya chai.

Alipoamua, alifanya kama inavyotakiwa. Alituma wazee. Walikaa sebuleni kwa shangazi wakiwa wamevaa kofia zao safi, wakazungumza yale mafumbo yao ya ua walilolichungulia uani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, sikio nje. Desturi ni kwamba muoaji hakai kwenye kikao hicho, na muolewaji haonekani. Shangazi akainuka, akaja jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unamtaka?"

"Namtaka."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Huko sebuleni masikio ni ya zamani."

Nikapaza sauti: "Namtakaaa!"

Sebuleni wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Shangazi akanifinya mkono, lakini na yeye alikuwa anacheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipochumbiwa, na nilitosheka nayo kabisa.

Kisha yakaja yale ya msanii.

Simtaji, na hakuna haja. Ni mwanamuziki ambaye picha yake imebandikwa kwenye nusu ya bajaji za mji huu. Alimvisha pete mchumba wake huko Dar es Salaam juu ya paa la hoteli, maua yametandikwa kama zulia, wapiga vinanda wamevaa nyeupe, yeye amepiga goti na machozi yanamtoka kwenye kamera. Video ile ilifika Kigoma kabla chakula cha sherehe hakijapoa. Saluni ya jirani yangu haikusuka kichwa cha mtu mchana ule. Wasusi na wateja wote walikuwa kwenye simu. Na nyuma ya wale wachumba, imesimama keki nyeupe ya ngazi nyingi, yenye michirizi ya dhahabu kama vile imelia na yenyewe.

Kuanzia hapo kila aliyeingia dukani kwangu alinyoosha simu: "Dada, nataka kama ile." Nikazitengeneza. Nilizitengeneza vizuri hata mwenyewe nikaamua ya kwangu itakuwa kama ile, ila kubwa kidogo. Na wanaume wakaanza kupiga magoti. Walipiga magoti kwenye mahafali, kwenye vituo vya bodaboda, mmoja alipiga goti kituo cha mafuta akafukuzwa na mlinzi. Wanawake wakawa wananiuliza, "Na wewe ulipigiwa goti?"

"Mimi nililetewa wazee."

"Aa, pole."

Pole ya nini? Nilicheka tu. Lakini kumbe huko Kibirizi mchumba wangu na yeye alikuwa anapewa pole zake. Sikujua mpaka jioni moja aliponiambia nivae vizuri twende Bangwe kupunga upepo.

Bangwe ni ufukweni, na ufukwe ule una wenyewe. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo, ziwa limetulia, na wanawake walikuwa wanageuza dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani. Niliona rafiki yake amesimama kando ameshika simu kwa mikono miwili, nikaelewa. Kabla sijasema neno, mwenzangu akashuka goti moja. Akashukia kwenye dagaa.

"We kaka!" mama mmoja akapiga kelele. "Unaponda mali ya watu!"

Akasogeza goti, akaponda wengine. Wanawake wakaacha kazi wakaja, kwanza kwa ugomvi, kisha walipoona kile kiboksi mkononi mwake wakatulia na kujipanga kama watu walioalikwa. Yule mama akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Huyu binti wazee wake wanajua?"

"Wanajua, mama. Nimeshaposa."

"Umeshaposa? Na umekubaliwa?"

"Nimekubaliwa."

"Sasa hapa unaomba nini tena?"

Watu wakaangua kicheko. Nilidhani ataona aibu ainuke. Hakuinuka. Alikifungua kile kiboksi kwa vidole vyake vya fundi. Akasema, kwa ajili yangu lakini wote wakasikia, "Siku ile mimi sikuwepo. Baba mdogo alirudi akaniambia umejibu kwa sauti, wazee wote wamecheka. Kila mtu kwenye ile nyumba alikusikia unasema unanitaka, isipokuwa mimi. Nataka na mimi nisikie."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Kicheko kilinikauka. Nilimwangalia yule mwanamume na magamba ya dagaa kwenye suruali yake mpya, na nikajua kwamba goti aliliazima kwa msanii lakini hayo maneno hakuyaazima kwa mtu.

"Nakutaka," nikasema.

"Binti, hatujasikia huku nyuma," akasema yule mama.

"Nakutakaaa!"

Vigelegele vilivyopigwa pale ninadhani vilivuka mpaka ng'ambo. Akanivisha pete. Ilikuwa ya fedha, nyembamba, na mkono wangu ulinuka dagaa mpaka siku ya pili.

Rafiki yake akaituma video kwenye magrupu ya simu, na kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa umeiona. Watu niliokuwa siwafahamu walinisalimu sokoni kwa kupaza sauti: "Nakutakaaa!" Nami nilijibu. Sikuona ubaya wowote. Mimi ni mfanyabiashara, na wateja waliongezeka.

Aliyeona ubaya ni shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele, na hakuitikia shikamoo yangu mara ya kwanza. Aliitikia ya pili.

"Nimepokea wazee wa watu hapa," akasema. "Nimewapa kahawa. Nimesema ndiyo kwa niaba ya marehemu kaka yangu. Leo jirani ananiuliza kama ile posa ilivunjika, maana amekuona unaposwa upya na wavuvi."

"Haikuvunjika, shangazi. Tumeongezea tu."

"Posa haiongezewi. Ukishaitangaza namna hiyo, mkikosana mtaitangaza vipi?"

"Hatutakosana."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilidhani ni utu uzima, watu wa zamani na simu hawapatani. Tukahamia kwenye mambo ya harusi, na huko pia hatukuelewana. Ndoa ingefungwa asubuhi kwake Ujiji, na sherehe ingekuwa alasiri ukumbini Gungu. Mimi nilitaka keki yangu iletwe Ujiji asubuhi ili watu wapige nayo picha, kisha iende ukumbini. Shangazi akasema nyumbani kwake siku ya ndoa kuna kitamu kimoja tu, nacho kinatoka kwenye makaa. Wakati tunabishana akaingia mama mkwe wangu mtarajiwa, amekuja kusalimia, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na asali yangu mtaiweka wapi?"

Tukamgeukia. Kwao, akatueleza, mtoto wa kiume akioa, mama huenda ukweni na asali. Ubhuki, alivyoita. Kaka zake wana mizinga porini kule Kasulu, na walikuwa wamemwekea. "Mimi siwezi kuja mikono mitupu halafu nikae kama mgeni," akasema.

"Italetwa, dada, itawekwa," shangazi akamjibu kwa heshima, lakini hakusema wapi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, tumebakiza wiki moja, vitamu vitatu na meza moja, pale msanii alipoachana na mchumba wake.

Asubuhi hiyo nilijua kuna jambo hata kabla sijashika simu, kwa sababu saluni ya jirani ilikuwa kimya. Ilikuwa kila mahali: pete imerudishwa, kuna mwanamke mwingine, machozi ya paani yalikuwa ya tangazo la biashara. Nilishangaa jinsi mji ulivyoumia. Wasusi walikaa kama wamefiwa. Msichana mmoja aliyekuwa ameagiza keki ya michirizi ya dhahabu akaja kuniomba nibadilishe, mama yake amesema ile keki sasa ina nuksi.

"Ni unga na mayai," nikamwambia. "Nuksi inakaa wapi humo?" Lakini nikambadilishia.

Mchana akaja mchumba wangu, bado na nguo za kazi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wananicheka kule," akasema. "Wanasema nilimwiga mwongo."

"Ulimwiga goti. Kuna ubaya gani? Goti ni la kila mtu."

"Na wewe huoni vibaya?"

Nikafuta mikono, nikamwonyesha pete. "Nione vibaya kwa sababu ya mtu nisiyemjua? Yule aliongea na kamera, wewe uliongea na mimi huku unatukanwa na wauza dagaa. Rudi kazini."

Akacheka, akarudi. Simu ikaita. Shangazi.

"Ile keki ya yule mtu," akasema, "isiingie nyumbani kwangu. Wala ukumbini isiende. Na ile video, mwambie yule rafiki yake aifute kila mahali."

"Shangazi, haifutiki. Na sisi si wao."

Akakata. Shangazi hakati simu. Hata mtu akikosea namba humuuliza kwanza hali ya watoto. Nikafunga duka, nikapanda bodaboda mpaka Ujiji.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko lisilo na moto. Nikakaa chini, miguu nimenyoosha, kama nilivyokuwa nikikaa utotoni.

"Shangazi, unaogopa nini?"

Akaniambia jambo ambalo miaka yote niliyolala nyumba ile sikuwahi kulisikia. Na yeye aliwahi kuchumbiwa. Alikuwa kijana wa hapa hapa Ujiji, mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa akivuka kwenda Kalemie na kurudi. Posa ilipokelewa kwa ngoma, mtaa ukajua, Ujiji nzima ikajua. Wiki ya harusi kijana alisema anavuka mara moja tu kufuata mzigo. Siku ya ndoa shangazi, ambaye wakati huo hakuwa na shangazi aliye hai, alimimina mkate wake mwenyewe. Watu wakakaa, shehe akakaa. Kijana hakuja siku ile wala nyingine yoyote. Baadaye wakapata habari kwamba kule Kalemie alikuwa na mke.

"Watu hawakuondoka," shangazi akasema. "Hilo ndilo lililoniumiza. Walikaa wakingoja, wananitazama. Mwisho mama yangu akasema tukate mkate watu wale, wameshinda na njaa. Wakala."

Swali lililonitoka mdomoni lilikuwa la mpishi.

"Ulikuwa mtamu?"

Akanigeukia. Nilidhani nimemkosea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka, anacheka na machozi.

"Ulikuwa mtamu sana," akasema. "Wiki iliyofuata mwenye harusi mwingine akaja kuniomba nimpikie wa kwake. Sijapumzika tangu hapo."

Tulicheka wote wawili pale chini mpaka paka akatoka nje. Alipotulia nikamshika mkono. "Atakuja, shangazi. Namfahamu. Na akichelewa nitamfuata mwenyewe na bodaboda."

"Na nguo ya harusi?"

"Na nguo ya harusi."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Kuhusu keki tulikubaliana bila kuzungusha maneno: itakaa Gungu, na ile michirizi ya dhahabu nitaitoa. Sikuitoa kwa sababu ya nuksi. Nilikuwa nimeichoka, na mtu anayejua kazi yake hana sababu ya kuolewa kwa keki ya mtu mwingine. Nilipaka maua madogo ya njano, niliyoyachora kichwani mwangu mwenyewe.

Siku ya ndoa niliamka na hina mikononi na miguuni, nikaketishwa chumbani nimefunikwa kanga, wanawake wananiimbia. Shangazi alimimina mkate mapema. Nilisikia sauti ya sufuria, nikasikia makaa yakipangwa juu ya mfuniko. Wanaume walikuwa wamekaa barazani. Saa ya miadi ikafika, ikapita. Bwana harusi hakuwepo. Simu yake ilikuwa inaita tu.

Nyimbo chumbani zikapungua sauti. Nilijua kinachopita vichwani mwa wale wazee wa kike, maana wengine walikuwepo siku ile nyingine. Mimi sikuogopa. Nasema kweli, sikuogopa; nilikasirika kidogo, kama mtu anavyomkasirikia anayemwamini. Nilichoogopa nilikisikia kwa pua. Harufu ya iliki ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na ukali ndani yake.

Mkate ulikuwa unaungua.

"Shangazi yuko wapi?" nikauliza.

"Amesimama mlangoni."

Shangazi, ambaye haachi makaa hata kwa shehe, alikuwa mlangoni anaangalia barabara. Nikainuka. Mtu akanishika, nikajitoa. Nikatoka chumbani nimeshika kanga kwa meno, hina imekauka mikononi, nikapita uani mbele ya kila mtu, nikaingia jikoni na kuchukua koleo. Nikaondoa makaa juu ya mfuniko, nikafunua. Juu umekuwa mweusi kama kofia ya askari. Nikachoma kijiti katikati: ndani umeiva, safi, mweupe. Nilishusha sufuria.

Hapo ndipo honi ziliposikika.

Nilichungulia kupitia dirisha la jikoni. Gari walilokodi lilikuwa limezima njiani, nasi tuliyajua hayo baadaye. Dereva alikuwa ameanza kutafuta gari jingine, lakini bwana harusi alivua koti, akafungua boneti na kulitengeneza mwenyewe, simu ameiacha kwenye koti. Akashuka langoni kwetu na kanzu nyeupe iliyopakwa oili kuanzia kifuani mpaka kwenye mikono. Watu wakaguna. Shangazi alimwendea. Nilidhani atamgombeza, na alikuwa na haki.

Akamshika kifundo cha mkono, akamwongoza mpaka kwenye bomba la uani, akachukua kata na sabuni, akaanza kumnawisha vidole kimoja kimoja, kama anamnawisha mtoto.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, shangazi. Nisamehe, gari lilizima."

"Nimesema umekuja. Nyoosha mkono huo mwingine."

Nilirudishwa chumbani kwa kelele na kufunikwa tena, kana kwamba hakuna aliyeniona. Wakili wa ndoa akaja kuniuliza kama nimeridhia, nikajibu kwa adabu na kwa sauti ndogo kama inavyotakiwa, na ndoa ikafungwa. Bwana harusi akaingizwa ndani, ananuka sabuni na oili. Shangazi akaleta mkate kwenye sinia. Alipouona vizuri kwenye mwanga uso ukamwanguka.

"Haujawahi kuniungulia," akasema polepole. "Hata siku ile."

Akachukua kisu, akaanza kukwangua ile ngozi nyeusi na kuirundika pembeni. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi karibu na mlango wa chumba, chupa yake ya asali mapajani, hakuna aliyekuwa amemwambia aiweke wapi. Akasogea. Akafungua kifuniko, akamimina asali juu ya yale maungulio yaliyokwanguliwa, akayatia mdomoni, akayatafuna yakivunjika.

"Dada, hayo ni ya kutupa," shangazi akasema.

"Utupe nini? Mimi napenda yaliyoungua. Nipe na yale ya pembeni."

Shangazi akamwangalia anavyotafuna. Kisha akakata kipande cheupe, akanilisha, akamlisha mume wangu, na cha tatu akala mwenyewe bila kungoja aombwe. Wanawake wakapiga vigelegele, na zile sahani zikaanza kuzunguka, nyeupe kwa wanaotaka nyeupe na nyeusi yenye asali kwa waliomwona mama mkwe na kupata wivu. Nyeusi ndiyo iliyoisha kwanza.

Alasiri tukaenda Gungu. Shangazi alisema ukumbini haendi, muziki unamuumiza masikio, kisha akawa wa kwanza kuingia kwenye gari. Alikaa meza ya mbele, mkoba mapajani, karibu na mama mkwe. Keki yangu ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi na maua yake ya njano, haijainama hata kidogo. Mshereheshaji alipotuita kukata, nilikata kipande cha kwanza kwa mume wangu, na cha pili nikampelekea shangazi mwenyewe, nguo yangu ikiburuta chini.

Alikiangalia. Akakwangua aisingi kwa uma, akaiweka kando. Akaonja. Nilisimama pale mbele yake na nguo ya harusi kama mwanafunzi anayengoja matokeo, na ukumbi mzima unaniita nirudi kwenye kiti.

"Ina mayai mengi," akasema.

"Ina mayai yanayotakiwa."

Akaonja tena. Akamega kingine, kikubwa zaidi, akampa mama mkwe, akamwambia, "Shika, dada. Mtoto wangu anajua kupika." Halafu akanisukuma kwa kiganja. "Nenda kakae na mume wako, watu wanakungoja."

Nikaenda.